Vijana wa Kitwe walipandaje bila kampuni ya muziki? WITCH na wimbi la Zamrock, wajuzi karibuni

#1 Mwanakopa

Wakuu salaam.

Mwezi mzima sasa nasikiliza WITCH, bendi ya Zamrock, yaani roki ya Kizambia ya miaka ya 1970, na kuna swali linaninyima usingizi. Hawa walikuwa vijana wadogo. Hawakuwa bendi ya chama, ya jeshi wala ya shirika la umma. Albamu yao ya kwanza, Introduction, waliitoa wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakaipeleka Nairobi kufyatuliwa, wakarudi nayo na kuiuza mkono kwa mkono kwenye maonyesho yao. Baada ya miaka michache wanajaza kumbi, na wanapiga muziki ambao si rumba wala si wa harusini. Ni gitaa linalokwaruza, kinanda kinacholia kama king'ora, na mwimbaji anayejiita Jagari kwa kumpenda Mick Jagger wa Rolling Stones.

Dai langu ni hili: waliinuliwa na amri ya Kaunda. Rais alipoagiza redio ya taifa ipige asilimia 95 muziki wa Kizambia, vijana wakafunguliwa mlango ambao hakuna kampuni ingewafungulia. Bila amri ile tusingekuwa tunawazungumzia leo. Anayepinga alete hoja, tujifunze.

#2 Fundi_Redio

Mkuu Mwanakopa, uzi mzuri. Napinga.

Amri inaweza kulazimisha wimbo upigwe. Haiwezi kulazimisha mtu aupende, wala haiwezi kumkalisha kijana chini akajifunza solo mpaka vidole vikaota sugu. Halafu fikiria kazi yenyewe ya redio. Ukiambiwa ujaze asilimia 95 ya muda kwa nyimbo za nyumbani, lazima nyimbo hizo ziwepo kabatini. Nani alizirekodi? Bendi zilikuwa zimeshaanza kuchemka kwenye kumbi kabla mtu wa redio hajazitafuta. Nimekaa nyuma ya mitambo miaka kumi na moja, najua tofauti ya wimbo unaopigwa kwa waraka na wimbo ambao wasikilizaji wanaandika barua kuuomba.

Ila nakupa haki yako kwa jambo moja. Kaunda mwenyewe alipiga gitaa na kuimba hadharani. Mtoto wa Kizambia aliyemwona rais wake na gitaa mkononi alikuwa na jibu tayari pale baba anapomwambia gitaa ni la wahuni.

#3 Msela_wa_Tabata

Nimesikiliza mbili tatu sasa hivi. Hao wahuni wa Lusaka walikuwa wamevuta tu, hakuna siri nyingine. Roki ya saikedelia ni moshi.

#4 MpigaBesi

Msela, umewahi kusimama jukwaani saa sita mfululizo? WITCH walikuwa wakianza jioni na kumaliza usiku wa manane. Mtu aliyelewa hawezi kushika mapigo yale.

Ule mkwaruzo ni ufundi. Kuna kisanduku kidogo kinakaa sakafuni, wapigaji tunakiita fazi. Sauti ya gitaa ikiingia humo inasukumwa kupita uwezo wa saketi, mawimbi yanakatwa vichwa, na badala ya mlio laini unapata mngurumo unaodumu kama tarumbeta. Kingine ni wawa, unakikanyaga kwa mguu kinafungua na kufunga sauti mpaka gitaa linasema "wa-wa" kama mtoto analia. Ukiweka na mwangwi juu yake, chumba kidogo kinakuwa pango. Hiyo ndiyo saikedelia, inasikika masikioni bila mtu kuvuta chochote.

Hata jina lao linasimuliwa kuwa limetoka sakafuni hapohapo. Kifaa cha wawa kiliandikwa "footswitch". Wakakata neno, ikabaki "switch", wakaondoa herufi ya kwanza, ikawa "witch". Tafsiri ndefu, We Intend To Cause Havoc, yaani tumekusudia kuleta vurugu, ikavishwa juu.

Sikilizeni besi ya Giddy King Mulenga. Haipigi kama besi ya roki ya Uingereza inayofuata gitaa. Inatembea peke yake na inajibu ngoma. Mimi nikiisikia najua mikono ile ilikulia kwenye muziki wa nyumbani kabla ya kuguswa na mpiga gitaa Jimi Hendrix.

#5 BintiKapiri

Habari zenu. Kwanza sahihisho kwa Msela: si wa Lusaka. WITCH ni Kitwe, Copperbelt. Nimezaliwa Kitwe, mama Mbemba na baba Mnyakyusa aliyefuata kazi mgodini, kwa hiyo hapa mmenigusa nyumbani.

Mnatafuta sababu mbali wakati iko chini ya ardhi. Ni shaba. Kitwe, Ndola, Mufulira, Luanshya, Chingola ni miji iliyojengwa na migodi, na mgodi haukuleta mishahara peke yake. Ulileta kumbi za burudani kwa wafanyakazi, klabu, viwanja na maduka yenye santuri za Ulaya. Wachimbaji Wazungu walikuja na sahani zao za roki, Deep Purple na Black Sabbath, na watoto wetu wakazisikia. Mwaka 1969 serikali ilitangaza kuchukua asilimia 51 ya migodi. Kwa kijana wa wakati ule dunia ilionekana imefunguka. Nchi ina miaka mitano tangu uhuru, baba ana mshahara wa uhakika, ukumbi upo na umeme upo.

Mama anasema mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, mtaa mzima unajua bendi gani inapiga wapi. Kijana wa kijijini Luapula alikuwa na kipaji kilekile, lakini nani angemnunulia amplifaya?

#6 Ndugu_Mizani

Dada BintiKapiri, hoja yako ni tamu lakini tarehe zinaikataa. Bei ya shaba ilifika kileleni Aprili 1974, tani moja London ilipita pauni 1,300. Mwishoni mwa 1975 imeanguka chini ya pauni 600. Nchi iliyokuwa ikitegemea shaba kwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje ikawa imekabwa koo.

Sasa angalia albamu. Lazy Bones!! ya WITCH ni 1975. Africa ya Amanaz, 1975. Wings of Africa ya Musi-O-Tunya, 1975. Zambia ya Rikki Ililonga, 1975. Mwaka uleule shaba inaporomoka ndio mwaka muziki unachanua. Kama shaba ndiyo sababu, mbona mti umekatwa na matunda yakazidi?

#7 Mwanakopa

Ndugu Mizani umenipa la kufikiria. Kwa hiyo ni kinyume chake? Shida ndiyo iliwatoa?

#8 BintiKapiri

Ndugu Mizani, gitaa lililonunuliwa 1971 haliachi kulia kwa sababu bei imeshuka London. Vyombo vilikuwa vimeshanunuliwa, vijana walikuwa wameshapikika, kumbi zimeshazoea kujaa. Matunda huvunwa msimu baada ya mvua. Ukame wa 1975 ulikuja kuonekana mbele, nyuzi zilipokatika na fedha za kigeni za kuagizia nyingine hazipo. Angalia jinsi albamu zinavyopungua kuelekea 1980 utaniambia.

#9 Mzee_wa_Santuri

Vijana, nimesoma nikiwa natabasamu. Niongeze la upande wetu.

Mnauliza walipandaje bila kampuni, mimi nauliza: vyombo vilikuwa vya nani? Hapa kwetu Tanzania zama zile, swali la kwanza kuhusu bendi lilikuwa hilo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, JKT nao na yao. Mwenye vyombo ndiye aliyekupa mshahara, ndiye aliyekupa maudhui, na ukigombana naye unatoka na nguo ulizovaa. Nimecheza rithimu kwenye bendi ya shirika miaka sita, sikumiliki hata waya. Nilikula vizuri, silalamiki. Lakini siku nilipoleta wimbo wangu wenye gitaa la kukwaruza niliambiwa hiyo si sauti ya bendi hii, na maneno yakaishia hapo.

Na kumbukeni hewa ya wakati ule. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Zambia nao walitaka utamaduni wa taifa, lakini walihesabu wimbo wa roki wa Mzambia kuwa wimbo wa Kizambia. Hapo ndipo nchi mbili jirani zilipoachana njia. Muziki wetu wa dansi ulipata malezi na nyimbo zake zinaishi mpaka leo, wao walipata vurugu. Nazipenda zote mbili.

#10 Fundi_Redio

Shikamoo mzee. Hapo umemaliza. Naongeza tu kwamba Radio Tanzania (RTD) ndiyo ilikuwa studio ya bendi zetu, na kanda zikabaki redioni. Msanii wa Zamrock alitoka na santuri mkononi anayoweza kuiuza, wa kwetu alitoka na ahadi kwamba utasikika saa moja jioni.

#11 Kisonge

Mzee umesahau Sunburst! Bendi ya Dar es Salaam, ilianza 1970, wenyewe mtindo wao waliuita Kitoto. Walikuwa na roki na soul na ngoma za nyumbani, na waliimba Kiswahili. Kwa hiyo tusiseme Tanzania hatukuwa na kitu.

#12 Mzee_wa_Santuri

Sijawasahau, Kisonge, nilikuwa nakusubiri useme. Sasa malizia hadithi: albamu yao Ave Africa walirekodi wapi?

#13 Kisonge

Lusaka, 1976. Ndiyo, nakubali mzee, umenifunga. Kundi lenyewe lilikuwa na watu wa mataifa kadhaa, Tanzania, Kongo na kwingine, na kupata albamu iliwabidi wavuke mpaka. Ilikuja kutolewa upya Uingereza mwaka 2016. Kwa hiyo swali la uzi huu nalipokea kwa namna nyingine: Zambia ilikuwa na nini mpaka bendi ya Dar ifunge safari kwenda kurekodi huko?

#14 Mwalimu_wa_Zamu

Naomba nilete maelezo ambayo hamjayagusa: shule.

Tazameni Lagos. Ofege walikuwa wanafunzi wa sekondari ya St. Gregory's walipotoa Try and Love mwaka 1973. Ni wanafunzi kabisa, na santuri yao ikaenea Nigeria. Zambia pia baada ya uhuru shule za sekondari ziliongezeka kwa kasi, na bweni ndilo linalozaa bendi. Una vijana thelathini chumba kimoja, wawili wana gitaa, kuna ukumbi na dansi ya mwisho wa muhula. Kuna Kiingereza cha kutosha kuimba kama Waingereza, na ule umri ambao mtu haogopi kuchekwa.

Nilikuwa na bendi ya bweni Iringa, watu watano, magitaa mawili na ngoma ya maboksi. Tulipiga mara tatu. Mara ya tatu gitaa likakamatwa na kufungiwa stoo mpaka tulipomaliza kidato cha nne, na nilipolifuata nilikuta shingo imepinda kwa unyevu. Mwenzetu aliyekuwa mpiga solo hakushika tena gitaa maishani. Leo nafundisha, na nikiona mtoto ana ala yoyote naitafutia kabati kavu.

#15 Msela_wa_Tabata

Nimerudi. Nimesikiliza usiku kucha, nafuta kauli yangu ya moshi. Ila sasa kuna hawa Ngozi Family, mbona jina la ajabu? Ngozi ya ng'ombe au ya mtu?

#16 BintiKapiri

Hahaha Msela, karibu Copperbelt. Kinyanja "ngozi" ni hatari, ajali. Paul Ngozi alijiita hatari, na alikuwa hatari kweli, alipiga gitaa kwa meno. Kuna wimbo wake Nizakupanga Ngozi. Mswahili akisikia harakaharaka anadhani anapangiwa ngozi, kumbe anatishiwa balaa.

Na hapa kuna jambo kubwa. WITCH mwanzoni waliimba Kiingereza zaidi. Ngozi alichukua fazi ileile akaishusha uani, akaimba Kinyanja mambo ya ndoa, ya majirani na ya mtaani. Nyanya yangu hajui Black Sabbath ni nini lakini Paul Ngozi anamwimba. Kwa hiyo mkiuliza nani alipanda, nauliza alipanda kwa nani? WITCH walipanda kwa vijana, Ngozi alipanda kwa mtaa.

#17 MpigaBesi

Dada umenikumbusha Musi-O-Tunya. Jina ni lile la maporomoko, Mosi-oa-Tunya, moshi unaounguruma. Mosi, moshi, mnaona undugu? Hao walikaa Kenya na kurekodi Nairobi, na wao walianza mapema kuweka ngoma za asili mbele ya gitaa. Wakati WITCH wanaanza na roki kisha wanarudi nyumbani polepole, mpaka Lukombo Vibes ya 1976 ambako mizizi imeshaanza kuonekana, Musi-O-Tunya walianzia mizizini. Binafsi nawaweka juu ya WITCH.

#18 Mwanakopa

Mkuu MpigaBesi hapo tutagombana. Juu ya Lazy Bones!! hakuna kitu.

#19 MpigaBesi

Tugombane, nina wikiendi nzima. Ngoma za Wings of Africa zisikilize kwa spika kubwa, usitumie simu, halafu urudi hapa.

#20 Ndugu_Mizani

Turudi kwenye hesabu kidogo. Mwanakopa aliuliza #7 kama shida ndiyo iliwatoa. Nadhani sehemu ipo. Januari 1973 mpaka na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ulifungwa, na Zambia ikauacha umefungwa mpaka 1978. Njia ya kusini ndiyo iliyoleta bidhaa nyingi, santuri za nje zikiwemo. Bidhaa za nje zikiadimika na redio ikitaka za nyumbani, soko linabaki kwa aliyepo. Hapo nakubali nusu ya #1, nusu ya #5, na ninaongeza ya kwangu. Mtu asiye na mshindani hupanda haraka.

#21 Shangazi_Tunduma

Hodi humu. Sikuwa na nia ya kuandika ila Ndugu Mizani umetaja mpaka. Baba yangu alifanya kazi TAZARA tangu treni zinaanza, Dar mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Santuri zilipanda treni. Alikuwa anarudi na unga wa Zambia, sabuni, na sahani mbili tatu zimefungwa kwenye shuka. Mtaani kwetu tulicheza nyimbo za Kibemba bila kujua neno moja. Kwa hiyo kupanda kwao kulivuka mpaka bila redio na bila amri ya mtu, kulivuka mikononi mwa wafanyakazi wa reli.

#22 Fundi_Redio

Shangazi, huo ushahidi ni mzito kuliko nadharia zetu zote. Asante.

#23 Kabwe_Kusini

Salaam kutoka Zambia, Kiswahili changu mtanivumilia.

Mnazungumza kupanda, niseme kushuka, kwa sababu mjomba wangu alikuwa ndani yake. Hakuwa WITCH, alikuwa bendi ndogo ambayo hamjaisikia. Vita vya Rhodesia vilipotuingia, kukawa na amri za kutotoka usiku na taa kuzimwa. Muziki wa usiku ukahamia mchana, wakapiga saa za chai, watu wanakuja na watoto. Unaweza kupiga saikedelia saa tisa mchana, jua linawaka? Walijaribu. Halafu disko likaja, mtu mmoja na santuri zake ni nafuu kuliko watu sita na mizigo. Halafu kanda za kunakili. Unarekodi leo, kesho kutwa sauti yako iko sokoni na wewe hujapata ngwee, senti yetu.

Halafu ukaja UKIMWI. Katika kikosi kile cha WITCH cha Jagari, Kims Mbewe, Giddy King, Star MacBoyd, John Muma na Paul Mumba, leo amebaki Jagari peke yake. Mjomba wangu alikwenda 1994. Bendi yao ilikuwa ya watu watano, tulizika wanne. Gitaa lake liliuzwa kulipia dawa. Watu wanaponiambia Zamrock "ilipotea" huwa nasema haikupotea. Iko Kitwe, iko Ndola, makaburini.

#24 Mwanakopa

Pole sana ndugu yangu. Nimesoma mara mbili.

#25 Mwalimu_wa_Zamu

Pole ndugu Kabwe. Jina la bendi ya mjomba, kama familia haina shida, liandike hapa ili libaki mahali.

#26 Kabwe_Kusini

Nitamwuliza mama kwanza. Asanteni.

#27 Kisonge

Nachelea kuendelea baada ya hapo, ila kuna kupanda kwa pili ambako kunastahili kusemwa. Jagari aliacha bendi akasomea ualimu wa muziki Evelyn Hone College pale Lusaka, akafundisha, na baadaye akaingia kuchimba vito. Miaka inapita. Kumbe huko Ulaya na Marekani wakusanyaji wanatafuta zile sahani kwa udi na uvumba. Lebo, yaani kampuni ya santuri, ya Now-Again ya California ikazitoa upya, mwaka 2012 ikakusanya kazi za WITCH pamoja. Ikatengenezwa filamu, ikatoka 2019. Jagari akapanda jukwaani tena na wapigaji vijana wa Uholanzi, na mpiga kinanda wa kikosi cha baadaye, Patrick Mwondela, akarudi. Mwaka 2023 wakatoa albamu mpya, Zango, iliyorekodiwa dB Studios, Lusaka. Sampa the Great, rapa mzaliwa wa Zambia, yumo ndani.

Na ule wimbo wa Paul Ngozi aliousema BintiKapiri hapo #16, rapa wa Marekani Tyler, the Creator aliuchukua kipande akaujengea wimbo wake Noid mwaka 2024. Paul Ngozi alifariki 1989.

#28 Kamba_ya_Sita

Mimi ni mpiga gitaa, bendi yetu ina miaka minne, hatuna lebo. Nimefuata uzi kimya kwa sababu swali la #1 ndilo langu. Tunachanganya zeze na fazi. Watu thelathini wanakuja, wanapenda, mwezi ujao wanakuja walewale thelathini.

Nilichojifunza kwa wengine wa leo: Mdou Moctar wa Niger alianza na gitaa la kujitengenezea, nyuzi zake ni waya za breki za baiskeli. Rekodi yake ya kwanza ya 2008 ilisambaa Sahara yote kwenye kadi za simu, mtu anampa mtu, na kampuni za nje zilimfuata akiwa tayari anaimbwa majangwani. Mwaka 2021 akatoa albamu na kampuni ya Matador. Bendi ya King Gizzard ya Melbourne nao mwaka 2017 walitoa albamu tano, moja wakaigawa bure na kuruhusu yeyote aifyatue na kuiuza. Ni njia mbili tofauti, ila zote muziki ulitangulia kuenea, pesa ikafuata baadaye.

Swali kwa wazee: je, nigawe bure kama hawa, au nishike nisije nikaibiwa kama mjomba wa Kabwe?

#29 Mzee_wa_Santuri

Mwanangu, gawa wimbo, usigawe karatasi. Andikeni leo nani katunga nini, wote wekeni saini, kila mmoja akae na nakala, na mkasajili kazi zenu. Mimi nimetunga nyimbo tisa, saba zinapigwa mpaka leo kwenye sherehe, na nina jina kwenye moja. Waliokuwepo wananijua, lakini wanazidi kupungua.

#30 Fundi_Redio

Napingana na mzee kidogo tu, kwa heshima. Karatasi ni lazima, lakini Kamba ya Sita tatizo lako sasa ni wale thelathini. WITCH hawakusubiri watu waje, walibeba vyombo wakazunguka mji hadi mji, na santuri ilikuwa kwenye gari hilohilo. Muziki wa aina hii haueleweki kwa maelezo. Mtu anatakiwa asimame mbele ya amplifaya.

#31 Ndugu_Mizani

Kuzunguka kunahitaji miji yenye kumbi, na hapo tunarudi kwa BintiKapiri na shaba yake. Leo ukumbi uko wapi? Kumbi nyingi nilizozijua sasa ni maghala au makanisa.

#32 Mwalimu_wa_Zamu

Na kabla ya ukumbi kuna bweni. Siachi hoja yangu.

#33 Mwanakopa

Nami siiachi redio, ila nimeipunguzia mshahara.

#34 BintiKapiri

Wakuu, nilimsomea mama uzi huu jana, hasa post ya Kabwe. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia nikashushe sanduku la bati juu ya kabati. Zipo sahani kumi na moja. Tatu zimepinda, moja imevunjika ukingo. Nyingine hazina majalada, lakini mbili lebo inasomeka: Zambia Music Parlour, Ndola. Kuna moja ina jina la mtu limeandikwa kwa kalamu juu ya lebo, na mama hataki kusema ni nani.

Hatuna gramafoni. MpigaBesi, nizisafisheje?

#35 MpigaBesi

Dada usiguse kwa kitambaa kikavu! Maji safi ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, pamba laini, futa kwa kufuata mifereji kama inavyozunguka, usikate katikati. Lebo isilowe kabisa. Zikaushe zimesimama kivulini. Zilizopinda ziache kama zilivyo, usiweke juani wala usizikandamize na pasi. Na usipige kwa sindano kuukuu hata moja, inachimba.

#36 Shangazi_Tunduma

BintiKapiri uko mji gani sasa? Gramafoni ya baba ipo, inazunguka vizuri, sindano ndiyo imekwisha.

#37 BintiKapiri

Mbeya, shangazi. Niko Mbeya!

#38 Shangazi_Tunduma

Basi sindano naiagiza leo. Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Mwambie mama asiogope, hatutamwuliza jina.

#39 Kabwe_Kusini

Mama amekubali, jina nitaliandika leo usiku. Dada BintiKapiri, kwenye hizo kumi na moja kuna ndogo ya rangi ya machungwa katikati? Ya mjomba ilikuwa na lebo hiyo.